Mfanyabiashara ana kitabu, mhunzi je?

Mwingereza akimtafuta babu yake fundi viatu wa enzi za Malkia Victoria, anafungua sensa ya 1881: jina, umri, kazi, mahali alipozaliwa. Mimi namtafuta mhunzi wa Hanang wa miaka hiyohiyo, baba yake babu yangu. Kwa kukosa sensa, nikarudia kusoma maisha ya Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili na Heinrich Brode akayachapisha 1902 na 1903.

Kama simulizi, inakwenda vizuri mno. Sentensi ni fupi, za mtu aliyezoea kuhesabu: pembe, madeni, siku za njiani. Baba na ndugu wana majina. Wapagazi je? Wao ni idadi tu, mamia kwa mamia.

Wala tusimlaumu yeye peke yake. Kwa Wadatoga, wahunzi, yaani Gidang'odiga, huoana wenyewe kwa wenyewe. Wengine huwatenga, ingawa mikuki na bangili wanafuata kwao. Nilipomuuliza shangazi huko Katesh jina la mhunzi wetu, alitazama mlangoni kwanza.

"Mwanangu, hayo usiyaandike. Una wadogo zako hawajaolewa."

Hapo ndipo kitabu kiliponibadilikia. Tippu Tip alijisimulia kwa raha kwa sababu kazi yake, pamoja na minyororo yote, haikumtia aibu. Kisome, ni kizuri. Ila ukifika kwa wapagazi, punguza mwendo.

Jina la mhunzi ninalo sasa. Bado sijaliandika.