Kuukumbusha Mfupa Kukua

Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 17 hivi kutoka mbele hadi nyuma. La mtu mzima hufika 24. Hukua kwa kasi zaidi katika miaka miwili ya kwanza, na kadiri linavyokua ndivyo linavyozisukuma kuta za mfupa unaolizunguka, nao mfupa hutii. Mtoto aliyezaliwa bila jicho, au na kijicho kidogo mno, huukosa msukumo huo. Tundu la jicho hubaki finyu, kope hubaki fupi, na upande mmoja wa uso huachwa nyuma na mwenzake.

Njia ya zamani, ambayo ingali inatumika, ni kuweka kipande cha plastiki chini ya kope, kisha kukitoa na kuweka kikubwa zaidi, tena na tena. Inasaidia, ila nguvu yake huishia zaidi kwenye kope.

Kazi ninayoistaajabia hasa ni ile iliyofanyika Rostock, Ujerumani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na madaktari wakiwemo Gundlach na Guthoff. Walitumia hidrojeli, jamaa ya ile ya lenzi za kuvaa jichoni, ikiwa imekaushwa ikawa ndogo na ngumu. Ikishawekwa mwilini hufyonza majimaji ya mtoto mwenyewe, polepole, wiki baada ya wiki, hadi ujazo wake ukaribie mara 10 ya ule wa mwanzo. Kwanza nusu tufe huwekwa chini ya kope, kope zikafungwa kwa uzi au gundi ili lisichomoke. Nafasi ikishapatikana hapo, tufe huzikwa ndani zaidi, liusukume mfupa. Vipo pia vipande vyenye urefu wa milimita 8 na unene wa 2, kama punje za mchele, vinavyopenyezwa kwa sindano nene, na vingine kuongezwa baadaye.

Huko Miami, Marekani, David Tse na wenzake walishika njia nyingine: puto la silikoni juu ya kibamba cha titani kilichokazwa kwa skrubu kwenye mfupa wa pembeni. Puto hujazwa maji ya chumvi kwa sindano, kidogo kidogo. Hapo mwendo wote umo mkononi mwa daktari, na ndipo ustadi unapopimwa. Akiharakisha, ngozi huwa nyembamba na puto linaweza kutokeza nje. Akichelewa, miaka ya ukuaji inampita mtoto. Na kama kijicho kile kidogo kinahisi mwanga hata kidogo, hukiacha mahali pake na kukiwekea kipande kiangavu juu, mwanga uendelee kuingia.

Wapo wanaouliza kuna faida gani, maadamu mtoto hataona kwa jicho hilo. Swali hilo huniuma. Uso ndio unaotangulia kila mahali aendapo mtoto, na kuupa nafasi ya kukua sawasawa si pambo. Fundi wa macho ya bandia anaweza kuiga rangi ya jicho zima hadi mama akashangaa, akatandaza nyuzi nyekundu za hariri ziwe mishipa ya damu. Lakini daktari asipomtengenezea nafasi, hana pa kuliweka.