Nyuzi Nane Tu, na Nimeshikika!

Acheni mnachofanya! Nimetoka kuisikiliza En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada kwa mara ya kwanza, na mwili bado unanisisimka. Ndiyo, albamu ilitoka mwaka 1993 kwa Real World, lebo ya Peter Gabriel. Wanaoijua siku nyingi wanicheke watakavyo, mimi utamu ndio kwanza umenikolea.

Kwa asiyemjua: Ogada ni Job Seda, mzaliwa wa Mombasa, mwaka 1956, mmoja wa waanzilishi wa African Heritage Band ya Nairobi. Mwaka 1986 alibeba nyatiti yake akaenda Uingereza, akawa anawapigia wapita njia kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London, mpaka sifa zake zikawafikia watu wa Real World.

Sasa nyatiti yenyewe! Nyuzi nane, basi. Mpigaji wa Kijaluo huketi kwenye kigoda kifupi, kidole gumba cha mguu kimevikwa pete ya chuma, oduong'o, inayogonga ukingo wa chombo, huku njuga za gara zikilia mguuni. Mtu mmoja, bendi nzima! Kijijini hiki ni chombo cha harusini na matangani: mpigaji hupaza sauti, husifu, hutania, hutunzwa. Ogada kageuza mambo. Kapunguza mwendo, kashusha sauti kama mtu anayembembeleza mtoto, kaacha upenyo kati ya mlio na mlio. Upenyo huo ndio ulionimaliza! Unausikia kila uzi ukilia, ukififia, na mwenzake akiupokea.

Humu mna mapigo ya asili na mna nyimbo za kutungwa, lakini bila kusoma jalada hutajua lipi ni lipi. Chukua "Kothbiro". Utaapa ni wimbo wa wachungaji wa enzi na enzi: mvua inakuja, ng'ombe warudishwe nyumbani. Kumbe Ogada na wenzake wa Black Savage, vijana wa Nairobi wa magitaa ya umeme, walishaurekodi miaka ya 1970! Hapa magitaa yamewekwa kando, zimebaki nyuzi zinazozunguka palepale na sauti inayoita. Toleo hili ndilo lililosikika kwenye filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Lile la Black Savage likachotwa na Kanye West mwaka 2018. Wimbo mmoja, safari zote hizo!

Kasoro? Anayetafuta dansi atapiga miayo, kwani mwendo haupandi sana. Na mimi Kijaluo changu ni cha kuombea maji, kwa hiyo mafumbo mengi yamenipita. Hata hivyo sikuruka wimbo hata mmoja.

Nawashauri hivi: msiisikilize kwa spika ya simu, maana uvumi wa uzi mnene na mlio wa ile pete vyote vitapotea. Vaeni vya masikioni, anzeni na "Obiero", shukeni nayo hadi mwisho. Ogada alifariki mwaka 2019. Kazi hii haijazeeka hata kidogo. Na kama nyumbani kuna kijana anayelilia gitaa la bei mbaya, mwekeeni hii kwanza, ajue nyuzi nane zinavyotosha!