Ali, Norton na Penseli ya Mwamuzi

Tarehe 30 Oktoba 1974, katika Kinshasa, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8, wala waamuzi hawakuhitaji kujumlisha kadi zao. Uwanja ule, uliojengwa kwa juhudi za Padri Raphaël de la Kethulle wa Shirika la Scheut na ambao leo unaitwa kwa jina lake, Tata Raphaël, ulijaa sauti za watu wakiimba «Ali, boma ye». Sauti hizo hazijatutoka masikioni hata sasa. Ni furaha yetu, na tuna haki nayo. Lakini ndiyo sababu pia sisi Wakongo tu waamuzi wabaya sana wa mapigano mengine ya mtu huyo. Maana yako mapigano yake ambayo hayakumalizwa kwa ngumi bali kwa penseli, na hapo moyo wetu umekwisha kukata hukumu kabla kengele haijalia.

Vijana wa parokia zetu huyatazama mapigano hayo kwenye simu, kisha hubishana. Wengine hudai kwamba Ali hakushindwa na mtu ila na uzee tu. Wengine husema waamuzi walinunuliwa. Basi nimeyatazama tena matatu kati yake, sauti ikiwa imezimwa, na baada ya kila raundi nikaandika jina moja kwenye karatasi bila kulifuta tena.

Kuzima sauti si jambo dogo. Mwenye kutangaza pambano humpenda mmoja, na watu wa uwanjani vilevile; ngumi inayogonga mkono tu hushangiliwa kama iliyogonga taya. Tena mtu asisahau kwamba raundi 15 ni kesi 15, si kesi moja. Kila raundi hupimwa peke yake: nani amepiga ngumi safi zenye nguvu, nani amesogea mbele kwa faida na si kwa kusukumana tu, nani amejikinga vema, nani ameongoza mwendo wa pambano. Kengele ikilia, yaliyopita yamekwisha. Ndiyo maana mtu aweza kushinda raundi 6 kwa kipigo kikubwa, akapoteza 9 kwa kidogo kidogo, naye akashindwa kwa haki.

Pambano la kwanza ni la 13 Machi 1963, katika Madison Square Garden, New York. Ali alikuwa bado anaitwa Cassius Clay, kijana wa miaka 21 mwenye maneno mengi, na alikuwa ametabiri kwamba Doug Jones ataanguka mapema. Jones hakuanguka. Katika raundi ya kwanza alimtikisa Clay kwa mkono wa kulia, wakaendelea mpaka raundi ya 10. Waamuzi wawili waliandika Clay 5, Jones 4, moja sawa. Mwamuzi wa ulingoni akaandika 8 kwa 1, na moja sawa. Watu walizomea wakatupa takataka ulingoni, wakisema ni wizi.

Kadi yangu ni Clay 6, Jones 4. Ngumi zake nyepesi za mkono wa kushoto zilimfikia Jones mara nyingi, hasa katika raundi za mwisho. Wale wawili walioandika 5 kwa 4 walipima vema. Yule wa 8 kwa 1 sijui alitazama nini. Lakini watu waliozomea hawakuwa wakipima ngumi. Walikuwa wakipima kinywa. Jones alikuwa mtoto wa mji wao, na Clay alikuwa mjivuni, nao walitaka aadhibiwe kwa majivuno. Kujivuna ni dhambi, tunaifundisha hivyo katika katekisimu, lakini haiandikwi katika kadi ya ngumi.

Sasa turuke miaka 13. Tarehe 30 Aprili 1976, katika Landover, Marekani, mtu yuleyule ni bingwa wa dunia, anapendwa kila mahali, naye amepanda ulingoni na mwili mzito wa kilo 104. Mbele yake ni Jimmy Young wa Philadelphia, ambaye wengi hawakumjua. Young alipiga, akakwepa, akamfanya bingwa kupiga hewa. Kisha, kila alipobanwa, alitoa kichwa chake nje ya kamba ili mwamuzi asimamishe pambano. Katika raundi ya 12 mwamuzi alianza hata kumhesabia.

Waamuzi walimpa Ali ushindi: 72 kwa 65, 71 kwa 64, 70 kwa 68. Msomaji ambaye hajui hesabu hizi atadhani tofauti ni ndogo. Siyo. Aliyeshinda raundi alipewa alama 5, na mwenzake kwa kawaida 4. Walipolingana, kila mmoja 5. Kama hakuna raundi iliyoandikwa kwa namna nyingine, basi 72 kwa 65 maana yake Ali alishinda raundi 10, Young 3, na 2 zikawa sawa. Na 71 kwa 64 ni Ali 11, Young 4. Kumi na moja kwa nne! Mimi naona 8 kwa 7, na nane hizo ni za Ali, kwa sababu moja tu: mtu anayetoa kichwa nje ya kamba anaiacha kazi yake katikati ya raundi, hata kama alikuwa anaifanya vema. Kwa hiyo mshindi alikuwa mshindi, lakini kadi mbili zile zilimdhulumu Young heshima aliyoistahili. Hukumu yaweza kulenga mtu wa haki na bado ikasema uongo juu ya mwenzake. (Mwaka uliofuata Young huyo alimshinda Foreman kwa alama, na ni baada ya pambano hilo, katika chumba cha kubadilishia nguo, Foreman alipata ule wongofu uliomfanya mhubiri.)

Nimefika kwa Ken Norton, na hapa ndipo shida yenyewe ilipo.

Norton alikuwa askari wa zamani wa majini. Tarehe 31 Machi 1973 alimvunja Ali taya akamshinda. Septemba ya mwaka huohuo Ali alimlipiza, waamuzi wawili dhidi ya mmoja. Walikutana mara ya tatu tarehe 28 Septemba 1976 katika Yankee Stadium, New York, kwa ubingwa wa dunia. Norton alikuwa na namna yake: aliinama, akakunja mikono mbele ya uso kama mtu aliyebeba kuni, akasogea mguu ukiburuta. Ngumi za Ali za mkono wa kushoto, zilizowasumbua mabondia wote, ziliishia katika mikono ile. Naye Norton alimjibu kwa kushoto kwake, akapiga mbavuni kwa kulia, raundi baada ya raundi.

Baada ya raundi 14, waamuzi wawili walikuwa na 7 kwa 7. Katika kona ya Norton walimwambia kwamba ameongoza, asijihatarishe. Basi raundi ya 15 alianza kwa uangalifu, Ali akacheza kwa miguu akachukua sehemu kubwa ya muda ule; Norton aliamka mwishoni tu. Wote watatu waliiandika kwa Ali. Jumla: 8 kwa 7, 8 kwa 7, na 8 kwa 6 na moja sawa. Norton alitoka ulingoni akilia.

Nami raundi ya 15 nimeiandika kwa Ali. Ugomvi wangu hauko hapo. Uko katika zile za katikati, ambamo Ali alitikisa kichwa, akasema maneno, akacheza hatua mbili tatu, na watu elfu nyingi wakapiga makofi. Zimeni sauti, ndugu zangu, mtaona nini kinabaki: mkono wa Norton ukifika mwilini. Kadi yangu ni Norton 8, Ali 7.

Lakini nilijiuliza, je, si huruma inayoniongoza? Maana Sheria ya Musa inamkataza mwamuzi kuelemea upande wa mkubwa, na vilevile inamkataza kuelemea upande wa mnyonge. Machozi ya Norton hayaandikwi katika kadi, kama vile maneno ya Clay yasivyoandikwa. Nikaitazama filamu tena siku nyingine, nikaanza na karatasi nyeupe. Raundi moja ilibadilika kwenda kwa Norton na nyingine kwenda kwa Ali. Jumla ikabaki ileile.

Kwa hiyo siwafuati wanaosema waamuzi walinunuliwa. Tofauti kati ya kadi yao na yangu ni raundi moja, na raundi moja yaweza kumpotea mtu mwaminifu aliyeketi pembeni mwa ulingo, mgongo wa mwamuzi mwenzake ukimzibia macho. Kumwita mwizi mtu ambaye labda alikosea tu ni kumshuhudia uongo, na amri ya nane haina ruhusa kwa wapenda michezo. Nasema walikosea. Zaidi ya hapo sina ushahidi.

Norton hakupata tena nafasi kwa Ali. Mwaka 1978 alipewa ubingwa wa WBC mezani, bila kupigana siku hiyo, kwa sababu Leon Spinks hakukubali kupambana naye. Tarehe 9 Juni mwaka huo alipanda ulingoni Las Vegas kuutetea mbele ya Larry Holmes, wakaenda raundi zote 15. Mwamuzi mmoja aliandika Norton 143, Holmes 142. Wawili wakaandika Holmes 143, Norton 142.