Chivoti Uani: Maneno katika Wimbo Usioimbwa

Wahakiki wa nyimbo za pwani ya Kenya wamezoea kuzichukua kama mashairi yaliyokosa karatasi. Maneno huandikwa, mizani huhesabiwa, vina hupangwa, kisha hutafutwa maudhui. Sauti hutengewa sentensi moja, nayo ni ya sifa tu. Kwa tenzi njia hiyo ina manufaa yake. Kwa onyesho nililolihudhuria Kona ya Musa, karibu na Ukunda katika Kaunti ya Kwale, ingeacha nje nusu ya kazi yenyewe.

Hadhira haikuzidi watu ishirini, nasi tuliketi juu ya mikeka uani kwa mwenyeji wetu. Msanii, mzee wa Kidigo asiyejulikana nje ya vijiji vya jirani, hakuwa na kipaza sauti wala ngoma ya kumsindikiza. Alikuwa na chivoti, ile filimbi ya Wadigo inayopulizwa kwa ubavu. Hili ni jambo la msingi, maana mpiga filimbi hawezi kuimba huku akipuliza. Katika sengenya kazi hugawanywa baina ya wengi. Hapa kinywa kimoja kilikuwa na kazi mbili. Mzee aliimba ubeti, akaupuliza. Na mara kwa mara alipuliza ubeti ambao hakuuimba kabisa.

Alipopuliza beti kama hizo katika nyimbo za Chidigo, wanawake waliokaa karibu na mlango waliyatia maneno chini kwa chini. Katika nyimbo za Kiswahili walinyamaza, wakangoja aimbe. Lipo jibu rahisi, kwamba za Chidigo walizizoea. Jibu hilo nalikubali, ila halitoshi, kwani ubeti mmoja, kwa maelezo yake mwenyewe, aliutunga wiki ile ile, nao pia walikaribia kuupata. Kiswahili na Chidigo ni ndugu wa kundi la Sabaki, kama Nurse na Hinnebusch walivyoeleza kwa urefu mwaka 1993. Lakini Kiswahili kimepoteza toni, na mkazo wake hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho; Chidigo kimezihifadhi toni. Kisseberth, katika uchunguzi wake wa 1984, alionyesha jinsi toni ya juu ya kitenzi cha Chidigo inavyoweza kusikika mwishoni mwa neno, mbali na silabi ilikoanzia. Filimbi haina konsonanti, bali inaweza kupanda na kushuka. Kwa hiyo, nionavyo, masikio ya Mdigo hubakiziwa kipande cha neno, ambapo msikilizaji wa Kiswahili hubakiziwa muziki mtupu.

Si kila wimbo uliofaulu. Pumzi za mzee zilikatisha vipande vya Kiswahili katikati ya neno mara mbili tatu, na vina vikapotea. Tena alitupigia "Jambo Bwana", wimbo ulioenezwa na Them Mushrooms tangu 1982 na unaosikika sana katika hoteli za pwani. Aliupiga safi, na hakuna aliyekuwa na la kuutilia. Wimbo ule umetungwa umpokee mtu asiyeijua lugha, na pale uani hapakuwa na mtu wa namna hiyo, isipokuwa pengine mimi upande wa Chidigo.

Katika wimbo wa mwisho wanawake wawili walitia maneno tofauti mahali pamoja. Mzee aliteremsha chivoti, akawatazama, kisha akaupuliza tena ubeti ule ule, polepole zaidi. Mmoja alibadili neno lake. Mwingine alishikilia lake. Mzee hakuutamka ubeti wenyewe, wala hakuna aliyemwomba autamke.

Mkusanyaji wa kawaida angeandika mahali hapo "filimbi" ndani ya mabano na kuendelea na ubeti unaofuata. Ningependa aandike matoleo yote mawili, na umri wa kila aliyetia neno, kwa sababu vijana watatu waliokuwapo, Wadigo wote, walisikiliza kwa adabu tangu mwanzo hadi mwisho bila kutia hata neno moja.