Mfupa si Jiwe: Ufundi wa Zana za Olduvai na Chusa za Katanda

Machi 2025 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya timu iliyoongozwa na mwanaakiolojia Ignacio de la Torre kuhusu vipande 27 vya mifupa vilivyofukuliwa katika tabaka moja la Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Vina umri wa miaka milioni 1.5, na vimechongwa kuwa zana. Vingi vinatokana na miguu ya tembo na viboko. Magazeti yalishika zaidi habari ya umri, na haikuwa habari ndogo: kabla ya hapo, zana za mifupa zilizotengenezwa kwa utaratibu maalumu zilijulikana kutoka Ulaya, miaka 400,000 hadi 250,000 iliyopita. Lakini ukitaka kujua watengenezaji wale walifikiri nini, umri hausaidii sana. Tazama walivyoushika mfupa.

Tuanze na mali ghafi yenyewe. Karibu theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini ya kalisi na fosfati. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Vitu hivi viwili hufanya kazi kama zege na nondo: madini hubeba mzigo, nyuzi huzuia mpasuko usienee. Katika mifupa mirefu ya miguu, nyuzi hizo hulala zaidi kufuata urefu wa mfupa. Ndiyo maana mfupa hupasuka kwa urahisi kwa marefu, ila kwa mapana hukaidi. Mfupa mbichi hunepa kidogo kabla ya kuvunjika, na ukivunjika mpasuko huuzunguka kwa mshazari na kuacha kingo laini. Mfupa uliokauka juani miezi mingi hukatika kwa ngazi ngazi, pembe zake za mraba, uso wake wa kukwaruza. Fundi asiyejua tofauti hii hupoteza kazi yake kwa pigo la kwanza.

Sasa tuingie Olduvai. Watu wa kale waliokaa pale walikuwa mafundi wa mawe. Kazi ya jiwe huenda hivi: unashika jiwe lenye ukingo, unalipiga kwa jiwe jingine karibu na ukingo huo, kibanzi kinaruka na kuacha kovu, unageuza, unapiga tena pembeni ya kovu la kwanza, mpaka umbo litoke. Walichofanya kwenye mifupa ni hichohicho. Kwanza walivunja mfupa mzito wa mguu na kupata kipande kirefu na kinene. Kisha wakapiga kingo zake na kubandua vibanzi kimoja baada ya kingine, hadi kikapatikana chombo kirefu chenye makali pembeni, na mara nyingi ncha upande mmoja. Kirefu kuliko vyote kina karibu sentimita 38.

Kwa nini tembo na kiboko, wakati swala na nyumbu walikuwa wengi? Jibu liko kwenye unene. Mfupa wa mguu wa swala una ukuta mwembamba na tundu la uboho katikati. Ukiupiga ukingoni haubanduki kibanzi, unapasuka wote. Mfupa wa tembo hauna tundu la namna hiyo. Ndani yake kumejaa mfupa wenye vijitundu kama sifongo, na nje kuna ukuta mnene unaoweza kupokea mapigo mengi bila kusambaratika. Wa kiboko nao ni mnene na mzito. Basi aliyechagua mfupa huo alikuwa anatafuta kitu kitakachovumilia ufundi alioujua tayari. Aliupa mfupa kazi ya jiwe, na akateua mifupa inayokaribia kuwa na tabia ya jiwe. Utaalamu ulihama kutoka mali ghafi moja kwenda nyingine, na hilo kwa akili ya miaka milioni 1.5 iliyopita ni jambo zito.

Hapa msomaji makini atauliza: tutajuaje kwamba si fisi? Swali ni la haki, na historia ya taaluma hii imewahi kuadhibiwa kwa kutoliuliza. Mwaka 1957 Raymond Dart alidai kwamba viumbe wa Makapansgat, Afrika Kusini, walitumia mifupa, meno na pembe za wanyama kama silaha kabla ya kujua mawe. Baadaye C. K. Brain alichunguza namna fisi, chui na nungunungu wanavyotafuna na kukusanya mifupa, akaonyesha kwamba alama zilizomshawishi Dart hazikuhitaji mkono wa mtu. Tangu hapo hakuna anayekubaliwa kwa kuonyesha mfupa wenye ncha tu. Jino la fisi huacha vishimo vya duara na mitaro kwenye ncha laini za mfupa, mahali penye mafuta. Nyayo za wanyama huacha mikwaruzo isiyo na mpangilio. Pigo la fundi huacha pengo ukingoni na kovu la kibanzi kilichoruka, na makovu hayo hufuatana na kupandiana kwenye ukingo uleule. Kovu moja laweza kuwa ajali. Safu ya makovu inayorudiwa kwenye zana kadhaa za tabaka moja ni kazi ya mkono.

Ziko pia zana ambazo hazikuchongwa kabisa. Huko Swartkrans, Afrika Kusini, vimepatikana vipande vya mifupa vya zaidi ya miaka milioni moja ambavyo ncha zake zimelainika na kubeba mikwaruzo myembamba inayokwenda sambamba. Mwaka 2001 Lucinda Backwell na Francesco d'Errico walilinganisha mikwaruzo hiyo kwa hadubini na ile ya mifupa waliyoitumia kufanya majaribio. Iliyofanana zaidi ni ya mifupa iliyochimbia vichuguu vya mchwa. Pale mfupa uliokotwa, ukatumika, ukatupwa. Ni zana kwa matumizi, si kwa utengenezaji, na tofauti hiyo inafaa kuwekwa wazi kila tunaposoma habari za aina hii.

Ufundi wa mfupa wenyewe, usioazimwa kwenye jiwe, unaonekana wazi Katanda, kando ya Mto Semliki mashariki mwa Kongo. Mwaka 1995 Alison Brooks na John Yellen walitangaza ncha za chusa za mfupa kutoka huko, zenye vijino upande mmoja, zilizokadiriwa kuwa na miaka 90,000 hivi. Tarehe hiyo imebishaniwa, lakini ufundi haubishaniwi. Chombo cha namna hii hakitengenezwi kwa kupiga. Kipande cha mfupa hukwanguliwa kwa ukingo wa jiwe kali, husuguliwa kwenye jiwe la kukwaruza hadi kipate umbo, kisha vijino hukerezwa pembeni kimoja kimoja.

Angalia kijino kimoja kwa karibu. Kimelala kuelekea nyuma, ili samaki akivuta, chusa izidi kushika. Ni kifupi, kwa kuwa kila kinapokerezwa hukata nyuzi zinazolala kwa marefu. Ukikichimba sana, chusa yote hudhoofika palepale na kukatika majini. Aliyekata kijino hicho alijua mfupa una mwelekeo. Pamoja na chusa hizo yalikutwa mabaki ya kambare wakubwa, kwa hiyo hatuna haja ya kubuni kazi yake.

Basi kati ya Olduvai na Katanda hakuna tu pengo la miaka. Fundi wa Olduvai alilazimisha mfupa uwe jiwe, akafanikiwa kwa kuchagua vizuri. Fundi wa Katanda aliufuata mfupa ulivyo, akapata chombo ambacho jiwe lisingempa: chembamba, kirefu, chenye vijino, kisichovunjika upesi. Hukumu yangu ni kwamba hatua hizi mbili zisihesabiwe kuwa moja, hata kama zote zinaitwa zana za mifupa.

Na kwa wanafunzi wa akiolojia wanaopewa masanduku ya mifupa kuainisha: Mary Leakey aliandika juu ya mifupa iliyochongwa ya Olduvai tangu 1971, na wengi wakaiona kuwa kisa cha hapa na pale tu. Kabla hujaandika "mabaki ya chakula" kwenye lebo, geuza kipande, tazama ukingo, hesabu makovu.