Mahali na Mandhari: Matembezi ya Tamthilia ya Game of Thrones Mjini Dubrovnik kama Tukio la Fasihi Simulizi

Utangulizi

Karibu na lango la Pile, upande wa magharibi wa mji mkongwe wa Dubrovnik nchini Kroatia, pamewekwa ramani inayoonesha majengo yaliyopigwa na makombora katika vita vya 1991 na 1992. Hapo hapo langoni ndipo vikundi vya wageni humzunguka mwongoza watalii aliyeshika albamu ya picha au kishikwambi, tayari kuanza matembezi ya kuyaona maeneo yaliyotumika kupigia picha tamthilia ya televisheni ya Game of Thrones. Tamthilia hiyo, iliyorushwa na kituo cha HBO kuanzia 2011 hadi 2019 katika misimu 8 yenye jumla ya sehemu 73, iliufanya mji huo kuwa King's Landing, makao ya wafalme wa nchi ya kubuni. Wageni wamelipa ili waoneshwe King's Landing. Dubrovnik wanapewa kama nyongeza, na pengine huiona kama kizuizi cha kile walichokuja kukitazama.

Matembezi ya namna hii yamezoeleka kujadiliwa kwa lugha ya uchumi: idadi ya wageni, msongamano, mapato. Makala haya yanayatazama kama kazi ya sanaa inayostahili kuhakikiwa. Zana za uhakiki huo zimo tayari katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili. Katika maelezo ya Mulokozi, fasihi simulizi ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Matembezi ya Dubrovnik yanayo yote sita. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jambo moja kati ya hayo, yaani mahali, limo hatarini kumezwa na dhana jirani ambayo wahakiki wa Kiswahili mara nyingi huitumia kana kwamba ni kisawe chake, yaani mandhari.

Neno mandhari limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake unahusu kutazama. Mandhari huonwa, tena huonwa kutoka upande fulani. Mahali hukaliwa. Mtu huzaliwa mahali, hudaiwa kodi mahali na huzikwa mahali. Hakuna azaliwaye mandharini. Sarufi yenyewe imelipa neno mahali ngeli yake, yenye upatanisho wa pa-, ku- na mu-, huku mandhari ikijipanga katika ngeli ya vitu. Katika uhakiki wa riwaya tofauti hiyo haina madhara makubwa, kwa sababu mahali pa kubuni hapana kingine ila kile kinachoonwa na msomaji. Katika matembezi ya Dubrovnik tofauti hiyo ndiyo kiini cha tatizo.

Fanani na picha yake

Kitendo kikuu cha matembezi haya ni kimoja, na hurudiwa kila kituo. Mwongoza watalii husimama, huinua picha iliyotolewa katika tamthilia, kisha huisogeza hadi mstari wa ukuta pichani ukutane na mstari wa ukuta ulio nyuma yake. Hadhira huitikia. Wengine huhama hatua moja kushoto au kulia ili nao waipate pembe ileile ya kamera. Kwa jinsi kinavyorudiwa na kinavyotarajiwa, kitendo hiki kina hadhi ya kanuni ya kifani, mithili ya paukwa na pakawa: huitoa hadhira katika siku yake ya kawaida na kuiingiza ndani ya hadithi.

Ila mwelekeo wake ni wa kinyume. Mtambaji asemapo paukwa, hadhira hukabidhiwa kazi ya kuumba kwa masikio kitu ambacho hakipo mbele yao. Picha inapoinuliwa mbele ya ukuta, kitu kimekwisha kuumbwa. Kilichobaki ni kuhakiki kwamba kimelingana. Mamlaka ya usimulizi yamehama kutoka kinywani mwa fanani na kutua katika karatasi aliyoishika. Jambo hili huonekana pale ambapo hadhira humsahihisha. Wengi wao wameitazama tamthilia nzima, baadhi zaidi ya mara moja. Hadhira kuijua hadithi kabla ya fanani kuisimulia si jambo geni. Katika ngano nyingi ndivyo ilivyo, na fanani hodari hutumia ujuzi huo kuipindua hadithi na kuitania hadhira. Hapa fanani hana ruhusa ya kupindua, maana picha ingemsuta.

Kiswahili kina sadfa ya kuvutia kuhusu jambo hili. Anayesimamia uigizaji wa filamu huitwa mwongozaji. Anayewatembeza wageni ni mwongoza watalii. Wa kwanza aliwaambia waigizaji wasimame wapi. Wa pili, miaka kadhaa baadaye, anawaambia wageni wasimame wapi, na mara nyingi ni pale pale.

Msuko nao hubadilika. Utaratibu wa matukio katika matembezi huamuliwa na mitaa, hivyo tukio la msimu wa 2 laweza kufuatwa na la msimu wa 5, kisha safari ikarudi nyuma tena. Asiyeijua tamthilia hatoki na kisa chochote. Kwa hiyo matembezi si usimulizi upya wa tamthilia; ni mfululizo wa madokezo, mwingilianomatini unaotembezwa kwa miguu.

Ngazi moja, miji miwili

Kituo kinachovuta watu zaidi ni ngazi za Wajesuti, zilizokamilika mwaka 1738 na kupanda hadi kanisa la Mtakatifu Ignasi. Hapa ndipo lilipopigwa tukio la kufungia msimu wa 5, lililorushwa Juni 2015, ambamo malkia Cersei huvuliwa nguo, hukatwa nywele na kutembezwa mitaani huku mtawa akigonga kengele na kumsomea neno moja la kumwaibisha. Wageni huliigiza: mmoja hushuka, wenzake hupaza sauti, simu hurekodi.

Kiswahili hakiruhusu tukio hili lipite kwa neno moja. Haya ni ya ndani, aibu ni ya mbele za watu, na fedheha ni ile anayoshushiwa mtu na wenye nguvu. Aliyoshushiwa Cersei ni fedheha. Anayoigiza mgeni haimo katika orodha hiyo hata kidogo. Ni mzaha usio na gharama, na ukali wa tukio la asili, ambalo lilikuwa shutuma dhidi ya umati unaofurahia kumtazama mwanamke akidhalilishwa, umegeuzwa ukawa kicheko cha umati huohuo. Huu ndio udhaifu mkubwa zaidi wa kisanaa wa matembezi haya. Fanani anao uwezo wa kuuziba kwa sentensi mbili, na kibiashara hana sababu ya kufanya hivyo.

Zaidi ya hayo, kile kinachothibitishwa na picha katika ngazi hizo ni kidogo kuliko inavyodhaniwa. Hekalu kubwa ambalo malkia hutoka ndani yake liliundwa kwa kompyuta. Mwili ulioshuka ngazi ulikuwa wa Rebecca Van Cleave, na uso wa Lena Headey uliunganishwa nao baadaye. Katika msimu wa 6, hekalu lilelile lilipohitaji kuonekana tena, ngazi zilizotumika zilikuwa za kanisa kuu la Girona nchini Hispania. Ngazi moja ya hadithi, basi, imo katika miji miwili, na miji yote miwili huwatembeza wageni kuiona. Ikumbukwe pia kwamba King's Landing ya msimu wa 1 ilipigwa picha Malta, na kwamba sehemu kubwa ya matukio ya ndani ya majengo ilitoka katika studio za Belfast. Mji anaousaka mgeni haujapata kuwa mahali popote. Ni mandhari iliyoshonwa kutoka vipande vya mahali pengi, na Dubrovnik imejitolea kuwa anwani yake.

Ngome iliyozoea kuigiza

Hoja hii ina pingamizi la haki, nalo limejengwa kwa mawe. Ngome ya Lovrijenac, iliyo juu ya mwamba wenye kimo cha mita 37 nje ya kuta za mji, huoneshwa wageni kama Red Keep, kasri la wafalme. Hapo ndipo palipopigwa mapigano ya kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mfalme Joffrey mwanzoni mwa msimu wa 2. Lakini ngome hiyo ilikuwa imekwisha kuwa kasri la kubuni muda mrefu kabla ya televisheni. Tamasha la majira ya joto la Dubrovnik lilianzishwa mwaka 1950, na tangu 1952 ngome imekuwa jukwaa mashuhuri la Hamlet. Lovrijenac imekuwa Elsinore kwa vizazi kadhaa vya watazamaji. Kwa nini, basi, Shakespeare aruhusiwe na HBO ishutumiwe?

Jibu halihusu ubora wa matini. Usiku wa Hamlet, mwigizaji na mtazamaji wako ngomeni pamoja. Upepo wa bahari unawapiga wote, na ngome inafanya kazi yake ya ungome wakati inapoigiza. Kamera ilikuja, ikachukua sura, ikaondoka. Ajabu ni kwamba matembezi yana uwezo wa kuirudisha hadhira kwenye hali ya kwanza, kwa kuwa nayo ni utendaji wa ana kwa ana, na mawe yako pale ya kuguswa. Kuta za Lovrijenac zinazoelekea baharini zina unene unaokaribia mita 12. Ukuta unaoelekea mjini hauzidi sentimita 60. Inaelezwa kwamba jamhuri ya Ragusa, kama mji ulivyoitwa zamani, ilitaka kuhakikisha kwamba kamanda wa ngome akiasi, mizinga ya mji itaweza kuubomoa ukuta wake. Juu ya mlango kuna maandishi ya Kilatini yanayosema kwamba uhuru haufai kuuzwa kwa dhahabu yote iliyopo. Fanani anayeueleza ukuta huo mwembamba katika kituo cha Red Keep anazungumzia hofu ya madaraka ya mtu mmoja, ambayo ndiyo mada ya tamthilia yenyewe, na anaizungumzia kwa kutumia unene wa jiwe. Hapo mahali panaisaidia mandhari, na matembezi yanakuwa bora kuliko kazi yanayoitegemea.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaweza kulipima jambo hili kwa mfano wa nyumbani. Huko Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, wageni hushushwa katika vyumba vya chini karibu na kanisa la Kianglikana na kuambiwa kwamba humo walihifadhiwa watumwa wa soko lililofungwa mwaka 1873. Baadhi ya wanahistoria wamehoji, kwa hoja kwamba jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa baada ya soko kufungwa. Hata hivyo sauti ya mwongoza watalii, giza na dari fupi humshawishi mgeni. Zanzibar, mahali pameazima uzito kutoka kwa historia iliyotokea kweli, pengine hatua chache kutoka hapo. Dubrovnik, historia iliyotokea hapo hapo inaombwa ipishe hadithi ambayo kila aliyepo anajua kuwa haikutokea.

Moto wa 1991 na moto wa 2019

Historia hiyo haiko mbali kwa miaka wala kwa hatua. Dubrovnik, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979, ilizingirwa na jeshi la Yugoslavia kuanzia Oktoba 1991. Shambulio kubwa lilikuwa la tarehe 6 Desemba mwaka huo. Kati ya majengo 824 ya mji mkongwe, 563 yalipigwa. Mahakama ya kimataifa ya makosa ya jinai kwa Yugoslavia ya zamani iliwatia hatiani makamanda wawili kwa shambulio hilo. Mwongoza watalii mzaliwa wa mji, mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, alikuwa mtoto siku hiyo.

Mei 2019, katika sehemu ya 5 ya msimu wa 8, joka liliiteketeza King's Landing mtaa kwa mtaa. Watengenezaji walijenga Belfast nakala ya mitaa inayofanana na ya Dubrovnik ili waichome. Kwa hiyo watazamaji duniani kote waliuona mji wenye sura ya Dubrovnik ukiungua kwa moto kutoka juu, na sasa huja kuuona mji wenyewe, ambao uliwahi kuungua kwa moto kutoka juu. Ni vigumu kufikiria fanani aliyepewa kitu kizito zaidi cha kusimulia. Albamu haimsaidii. Tukio la 2019 halina kituo, kwa kuwa halikupigwa picha hapo. La 1991 lina vituo kila mahali, lakini halimo katika tamthilia.

Katika Stradun, barabara kuu ya mji, alama za vipande vya makombora bado zinaonekana kwenye mawe. Wageni huzikanyaga wakielekea ngazi za Wajesuti. Kutoka juu ya kuta, paa zenye vigae vyekundu vilivyokoza hutofautiana na zenye vigae vilivyofifia, na anayejua husoma humo ni nyumba zipi zilizoezekwa upya baada ya vita. Wakazi wa mji mkongwe, waliokuwa takribani 5,000 mwaka 1991, sasa hawafikii 2,000. Vyumba vingi vilivyokarabatiwa vinakodishwa kwa siku kwa watu waliokuja kuiona King's Landing. Baadhi ya waongoza watalii hushusha picha wanapofika hapo na kusimulia kwa kinywa kitupu, na wengine hupita. Tofauti kati ya makundi hayo mawili haijaandikwa katika tangazo lolote la matembezi, wala mgeni hawezi kuijua kabla ya kulipa.