Nyasi Mlizichomea Nini?

Saa nne kasoro asubuhi, siku ya kupanda miti, mtu mmoja alitoa kiberiti mfukoni. Mliokuwepo pale mteremkoni Mbinga mliona, na ambao hamkuwepo mmeshaiona video inayozunguka kwenye simu: nyasi zilizofyekwa wiki mbili kabla zimerundikwa chungu chungu, zinafuka zaidi ya kuwaka, watoto wa shule wamejipanga na miche mikononi wakingoja moto ufe. Ng'ambo ya kijito, nyuma ya ule moshi, yupo mama mmoja amejiinamia shambani. Nyasi za mlima uleule, aina ileile, yeye kazilaza miraba ya ngoro na sasa anazifukia ili apande maharage. Aliyeshika simu hakumkusudia, kamera ilimdaka tu. Lakini uchambuzi wote umo kwenye hiyo picha, na ningeweza kuishia hapa. Siishii, kwa sababu mpaka leo nasikia watu wazima wenye vyeti wakisema lile lilikuwa "andalio zuri la shamba".

Kuchoma nyasi Mbinga! Ni kama kushuka Liuli ukaulize duka la samaki wa makopo.

Tuutazame udongo wenyewe. Mteremko ule ni mwekundu, mchachu, na tabaka la juu limeshaoshwa na mvua za miaka mingi tangu myombo ikatwe. Udongo wa namna hii unadanganya macho. Ukiubana kiganjani unashikana vizuri, una rangi nzuri, ukadhani umepata. Kumbe chuma na alumini vilivyomo vimeikamata fosforasi kama mchoyo aliyekalia gunia, na mzizi mchanga hauna nguvu ya kumnyanyua. Mboji ndiyo inayolegeza mshiko huo, ndiyo inayotunza maji kiangazi, ndiyo inayolisha vijidudu. Na mboji pekee iliyokuwepo eneo zima siku ile, kabla haijawa mboji, ni zile nyasi. Hakukuwa na samadi. Hakukuwa na trela la mbolea lililokwama njiani. Kulikuwa na nyasi tu, bure, tayari zimekauka, zimelala palepale zinapohitajika. Wakazikusanya kwa jasho la watu ili waziteketeze.

Nimeletewa utetezi wa aina mbili. Wa kwanza ni majivu: ati udongo mchachu unapenda majivu. Ni kweli, nakiri. Majivu yana chokaa na potasi, na kwa msimu mmoja yanapunguza uchachu. Lakini naitrojeni karibu yote ilipanda na ule moshi, na majivu yaliyobaki juu ya ardhi tupu yenye mwinuko ule, Machi, mvua zikiwa bado hazijaisha, yanakaa siku ngapi? Kijito cha pale chini ndicho kilichopata mbolea. Utetezi wa pili ni nyoka: mgeni rasmi asije akakanyaga nyoka. Huu nauheshimu zaidi maana angalau ni wa kweli. Miaka yote nimesema, na nitasema tena, kwamba shamba la miti likiandaliwa kwa ajili ya viatu vya mgeni, mgeni ndiye atakayenufaika.

Sasa ngoro. Wasomaji wa safu hii hamhitaji kufundishwa ngoro, lakini wale waliokuwa na kiberiti wanahitaji, kwa hiyo nivumilieni. Nyasi hufyekwa, zikaachwa zikauke, zikapangwa miraba yenye upana wa kama mita moja na nusu. Kisha, na kazi hii Umatengoni kwa desturi ni ya kina mama, udongo wa juu unachotwa katikati ya kila mraba na kumwagwa juu ya nyasi. Katikati kunabaki shimo, pembeni kunainuka tuta lenye nyasi tumboni. Mvua ikija, maji hayapati njia ya kukimbilia; kila shimo linakunywa lake, na udongo uliotaka kutoroka unakamatwa hapohapo. Mlima ukitazamwa kwa mbali ni kama sega la nyuki. Watafiti wa SUA na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikaa Kindimba na Kitanda miaka ya 1990 wakipima jambo hili kwa vyombo, na walichopima kilikuwa kinafanywa zaidi ya karne moja kabla yao.

Lakini kuna kitu ndani ya ngoro ambacho hata wanaoisifia hukiruka, nacho ndicho kingeokoa ile miche. Kwa nini maharage yatangulie, Machi, na mahindi yaje msimu unaofuata? Kwa sababu nyasi kuoza ardhini si baraka ya siku ya kwanza. Vijidudu vinavyozila vina njaa ya naitrojeni, na vikiikosa kwenye nyasi vinainyang'anya kwenye udongo. Kwa miezi michache mmea uliopandwa juu yake unashindana na vijidudu hivyo, na unashindwa. Harage halina wasiwasi, maana lina vinundu mizizini na linajitengenezea naitrojeni yake. Limevunwa, nyasi zimeoza, vijidudu vimekufa na kurudisha vilichokopa. Desemba mvua zinapofunguka hindi linaingia kwenye tuta lililoiva. Hiyo ni kemia ya udongo iliyoandikwa kwa jembe.

Basi mche wa mti ulitakiwa kuchukua nafasi ya hindi. Machi fukia nyasi, panda maharage, watu wale. Desemba panda mti. Mche unapata mvua za miezi mitano mbele yake, unakita mzizi kwenye mboji, halafu kiangazi kinaukuta una mahali pa kunywea. Walichofanya wao ni kuchoma chakula cha mche na kuupanda mwishoni mwa mvua, siku hiyohiyo moja. Makosa mawili kwa kiberiti kimoja. Najua sherehe za kupanda miti zimezoeleka kuangukia Machi na Aprili. 21 Machi ni Siku ya Misitu Duniani, na dunia haiwezi kuisogeza kwa ajili ya Mbinga. Sawa. Mgeni rasmi aje 21 Machi apande maharage. Sioni aibu yake iko wapi.

Kazi ya mikono, kitaluni na kwenye mashimo, ilikuwa safi: miche imezoeshwa jua, viriba vimevuliwa kabla ya kufukia, mashimo yamefika sentimita 60. Tuendelee.

Kwenye upandaji wenyewe, hata kama nyasi zingebaki, kulikosekana konzi moja. Namaanisha konzi ya udongo wa chini ya mama mti. Mtundu, msuku na ukoo mzima wa myombo hauli peke yake. Mizizi yake inaishi na kuvu inayotandaza nyuzi zake mbali kuliko mzizi unavyoweza kufika, na nyuzi hizo ndizo zinazomfungua yule mchoyo aliyekalia fosforasi. Mnaonunua uyoga barabarani mvua zikianza, mara nyingi mnakula tunda la kuvu hiyo. Kwenye mteremko uliolimwa na kuchomwa miaka mingi kuvu hiyo imepungua au haipo kabisa, na mche wa kitalu uliooteshwa kwenye mchanga wa mtoni unafika umejaa majani lakini hauna wenzake. Msitu wenye misuku mikubwa upo mwendo mfupi kutoka pale. Debe mbili za udongo wake, zichanganywe tangu kitaluni, kazi imekwisha. Mninga una kuvu ya aina nyingine, pamoja na vinundu mizizini, kwa hiyo udongo wake uchotwe chini ya mninga. Nilimwuliza mmoja wa wasimamizi kama walifanya hivyo. Akanijibu kwamba miche ilishapigwa dawa.

Hapo ndipo ninapomkumbuka René Haller, na mnajua nitamkumbuka, mnisamehe. Mwaka 1971 alipewa machimbo ya kiwanda cha saruji Bamburi, Mombasa: jiwe tupu la matumbawe, jua kali, maji ya chumvi chini yake. Alijaribu aina 26 za miti, akabaki na chache zisizozidi vidole vya mkono mmoja, na mvinje ndio uliombeba, kwa sababu bakteria wa mizizini mwake hutega naitrojeni ya hewani. Najua mvinje si wa kwetu Mbinga, wala sisemi upandwe huku. Ninachokisema ni alichofanya baadaye. Majani ya mvinje yalianguka yakakataa kuoza, yakawa zulia. Mtu mwingine angeleta kiberiti. Haller akaleta majongoo. Majongoo yakala zulia, yakatoa mboji, na mboji ikaotesha msitu ambao leo watu wanalipa kiingilio kuuona. Kila jani lililoanguka kwake lilikuwa mali. Kama kuna mahali huku kwetu panapostahili darasa lake mwanzo mpaka mwisho ni kwenye vifusi vya makaa ya mawe kule Ngaka, lakini hilo ni la siku nyingine.

Na kabla hamjasema mambo haya ni ya wataalamu wa leo, kumbukeni Uluguru. Wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye milima yenye tabaka jembamba la udongo mzuri. Ngazi zikapindua udongo, ule tasa ukaja juu, mazao yakadorora, na mwaka 1955 Matombo kukazuka ghasia. Ramani ilikuwa nzuri. Mlima haukuulizwa. Shinyanga, kuanzia 1986, mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, uliuliza: Wasukuma wakasema tuna ngitili, tunafunga malisho yapumzike, wakaachiwa wafunge, na miti ikarudi yenyewe kutoka kwenye visiki bila sherehe. Tofauti ya hizi habari mbili naiona kila nikitazama ile video.

Kundi jingine la wapandaji, lililoshuka ziwani upande wa Mbamba Bay, lilifanya afadhali kidogo, ingawa lilibeba karatasi ileile ya vipimo iliyotumika mlimani. Kule ni chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, joto, mchanga unaopitisha maji kama chekecheke. Ukipanda mti kwenye tuta mchangani umeuua; kule ndiko unakotakiwa kuuzamisha kwenye shimo, chini ya usawa wa ardhi, na matandazo mazito, yasigusane na shina maana mchwa hawana adabu. Mlimani ni kinyume: mti ukae juu, pale matuta yanapokutana, si ndani ya shimo la ngoro ambako maji yatausimamia na matope kuufukia. Karatasi moja kwa sehemu mbili hizi ni uvivu. Lakini kule chini walau walichagua mikuyu na ile migunga inayopukutisha majani wakati wa mvua, yaani miti inayoijua pwani ya Nyasa, na hakuna aliyechoma kitu.

Nilirudi mteremkoni Oktoba. Misuku imekufa karibu yote, na sikushangaa. Mininga ilisimama kama vijiti, haina jani. Hapa ndipo moyo uliponienda mbio, kwa sababu nilijua nini kinafuata. Mninga mchanga, mnajua, hufa juu kila kiangazi. Shina linakauka mpaka ardhini, miaka kadhaa mfululizo, huku chini mzizi unanenepa kimyakimya. Siku ukishiba ndipo shina linapanda na kubaki. Usiyeujua unasema umekufa. Nilichuchumaa nikafukua vidole viwili shingoni mwa mzizi, nikakwangua kwa ukucha. Wa kwanza, kijani. Wa pili, kijani. Wa tatu mkavu. Wa nne, kijani.

Nilipoinuka nikamwona yule mama wa ng'ambo ya kijito, ndiye wa kwenye video, yuko kwenye matuta yake ya Machi anatayarisha mahindi. Nikavuka, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa wale waliochoma?"

Nikamwambia hapana, mimi ni wa kuandika tu.

"Basi waandikie. Mwakani wakifyeka, yale majani wanipe mimi."

Akanionyesha ukingo wa shamba lake. Mche mmoja wa msuku, wa siku ileile. Mtoto wa shule aliuchomeka kwenye tuta la maharage akakimbilia soda. Ulikuwa na majani sita.

Wiki hii nimepata habari kuwa kujazia kumeshapangwa. Mininga "iliyokufa" inang'olewa, na badala yake, kwa kuwa udongo ule umeonekana ni mgumu kwa miti ya asili, italetwa mikaratusi. Mashimo yapo tayari. Nyasi zimeanza kuota tena katikati ya mistari, na nimeambiwa tarehe ya kuzifyeka, lakini sikuambiwa zitapelekwa wapi.